Namba 8.9: FBP na kidole tumbo, tunachokisoma vibaya

Kama una karatasi ya FBP nyumbani, hebu ichukue. Nyingi zimepangwa kwa namna moja: jina la kipimo, namba yako, halafu pembeni viwango vya "kawaida". Namba yako ikizidi inawekewa H, ikipungua inawekewa L, ikiangukia katikati haiwekewi kitu. Juu kabisa, au karibu na juu, kuna WBC, yaani seli nyeupe za damu.

Kwenye karatasi ya mdogo wangu (ni mtoto wa mama mdogo, lakini kwetu huyo ni mdogo wangu tu) mstari ule ulisomeka 8.9, viwango 4.0 hadi 10.0. Hakukuwa na H wala L. Wakati huo alikuwa mwaka wa pili chuoni. Maumivu yalimwanza alfajiri karibu na kitovu, mchana yakashuka chini kulia, akatapika mara mbili, na mtu ambaye sijawahi kumwona akikataa chapati, siku hiyo aliikataa. Jioni wenzake wakampeleka kwenye zahanati moja ambayo sitaitaja. Joto lilikuwa 37.1. Alipobonyezwa chini kulia aliruka, hilo limeandikwa kwenye faili. FBP ikatoka, ikaangaliwa, akaambiwa: "Damu yako iko sawa." Akapewa dawa ya UTI na ya vidonda vya tumbo, akarudi hosteli. Siku ya tatu kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Alifanyiwa upasuaji usiku, akalazwa siku 11. Yupo, mzima, ana kovu refu ambalo sasa anawaonyesha watu hata wasiouliza.

Kazi yangu ni damu. Nimemaliza shahada ya uzamili kwenye hematolojia na sasa nafanya utafiti, kwa hiyo karatasi kama ile nazishika kila siku. Nilipoiona yake, akiwa bado wodini na mpira puani, nilimuuliza mama mdogo kama anayo fomu ya afya ya kujiunga na chuo. Anayo. Mama mdogo anatunza kila kitu, hadi risiti za king'amuzi kilichokufa zamani. Kwenye fomu ile, iliyojazwa mwaka mmoja na miezi kadhaa nyuma, kijana akiwa mzima kabisa, WBC ilikuwa 4.2.

Sasa isome tena. Akiwa mzima 4.2, akiwa anaumwa 8.9. Seli zake nyeupe zilikuwa zimeongezeka zaidi ya mara mbili, na mashine haikuona sababu ya kuweka hata herufi moja.

Makala hii ilianza kama hasira, na nilikuwa nimeshamchagua wa kumlaumu. Baada ya kusoma, imebidi nimwombe radhi kidogo. Nitafika huko.

Kwanza, damu inasema nini hasa

Kidole tumbo ni kimfuko chembamba kama mnyoo kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, chini kulia. Mdomo wake ukiziba, mara nyingi kwa kipande cha kinyesi kilichokauka au tezi zilizovimba, ute unajaa ndani, bakteria wanaongezeka, ukuta unavimba, damu inashindwa kupita vizuri, na mwisho ukuta unaweza kuoza na kutoboka. Aliyeueleza ugonjwa huu vizuri na kuupa jina lake la kitabibu ni Reginald Fitz wa Boston, mwaka 1886. Miaka mitatu baadaye Charles McBurney wa New York akaeleza ile sehemu ya tumbo ambayo ukiibonyeza kwa ncha ya kidole mgonjwa anaruka. Hakuhitaji maabara, ni kidole tu, na hadi leo wanafunzi wa udaktari wanafundishwa kuitafuta.

Mwili ukihisi uvimbe wa namna hiyo, uboho unatoa neutrofili kwa wingi. Hizi ni zile seli nyeupe zinazowahi kwenye vita na bakteria. Ndani ya saa chache idadi yake kwenye damu inapanda. Ini nalo linaanza kutengeneza protini inayoitwa CRP, iliyogunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis walipokuwa wakichunguza damu za wagonjwa wa nimonia. Hivyo viwili, seli nyeupe na CRP, ndivyo vipimo vya damu vinavyotumika zaidi mtu akishukiwa kuwa na kidole tumbo.

Umeona tatizo? Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni kipimo cha kidole tumbo. Kipimo cha haraka cha malaria kinatafuta protini ya kimelea chenyewe. Kikiiona, kimemwona mwizi. Seli nyeupe na CRP ni mbwa wa mtaa wanaobweka usiku. Unajua kuna kitu kimepita. Hujui kama ni mwizi, ni fisi, au ni jirani amechelewa kurudi kutoka msibani. Nimonia inawafanya wabweke, maambukizi ya figo vilevile, na uvimbe kwenye mirija ya uzazi pia. CRP inapanda hata kwenye malaria, kwa hiyo fikiria mtu anayeishi sehemu yenye malaria nyingi akija na tumbo linalouma na CRP iko juu: umejua nini kipya? Mjamzito naye seli zake nyeupe zinapanda zenyewe, zinaweza kufika 15 bila ugonjwa wowote.

Na kuna upande wa pili, ambao ndio ulimuumiza mdogo wangu: mwizi yupo ndani na mbwa hawajabweka kiasi cha kumwamsha mtu.

Twende na hesabu ndogo. Hizi namba nimezitunga ili uone umbo la tatizo, si takwimu za hospitali yoyote. Tuseme watu 100 wamekuja na maumivu chini kulia, na 30 kati yao kweli wana kidole tumbo. Tuseme WBC ya zaidi ya 10 inanasa wagonjwa 8 kati ya kila 10, lakini pia inawanasa wasio na ugonjwa 4 kati ya kila 10. Kati ya wagonjwa 30 inanasa 24 na kuwaacha 6. Kati ya wale 70 inawanasa 28 bure. Kwa hiyo watu wenye H kwenye karatasi ni 52, na zaidi ya nusu yao hawana kidole tumbo. Wasio na H ni 48, na sita kati yao wanaenda nyumbani na bomu tumboni. Sita kati ya 48 unaweza kuona ni wachache, hadi mmoja wao awe na jina unalolijua.

Ndiyo maana uchambuzi mkubwa wa Roland Andersson, uliochapishwa mwaka 2004 ukijumlisha tafiti 24, ulifika mahali ambapo mtu wa maabara kama mimi inabidi ameze mate: kila dalili na kila kipimo cha damu, kikisimama peke yake, ni dhaifu. Vikiunganishwa vinakuwa na nguvu. Seli nyeupe pamoja na CRP, pamoja na mkono wa daktari juu ya tumbo, ni kitu kingine kabisa.

Kumhukumu Alvarado

Wa kwanza kuunganisha vitu hivyo kwa namna iliyoenea dunia nzima ni Alfredo Alvarado, daktari wa upasuaji. Mwaka 1986, miaka 100 kamili baada ya Fitz, alichapisha njia ya kutoa pointi. Alipitia mafaili ya wagonjwa 305 waliolazwa katika Nazareth Hospital, Philadelphia, wakiwa na maumivu ya tumbo yaliyoshukiwa kuwa kidole tumbo, akaangalia ni mambo gani yaliwatenganisha waliokuwa nao na wasiokuwa nao. Akabaki na mambo manane, jumla pointi 10. Maumivu yaliyohama kutoka kitovuni kwenda chini kulia, 1. Kukosa hamu ya kula, 1. Kichefuchefu au kutapika, 1. Kuumia ukibonyezwa chini kulia, 2. Maumivu kuzidi mkono unapoachia ghafla, 1. Joto kuanzia 37.3, 1. Seli nyeupe zaidi ya 10, pointi 2. Neutrofili kuwa nyingi mno kati ya hizo seli, zaidi ya asilimia 75, pointi 1. Ukipata chini ya 5, huenda si kidole tumbo. Ukipata 5 au 6, uangaliwe kwa karibu. Kuanzia 7, upasuaji ufikiriwe.

Kama kazi ya kisayansi naipenda, nisiwe mnafiki. Ni ya bei rahisi, inafanyika kijijini, inamlazimisha daktari aliyechoka saa tisa usiku amuulize mgonjwa maswali yote badala ya mawili. Na angalia mgawanyo: pointi 7 ni za kuuliza, kugusa na kupima joto, 3 tu ni za damu. Alvarado aliielewa nafasi ya maabara kuliko wengi wetu tulio ndani ya maabara.

Lakini ina madhaifu yake. Watu wake 305 walikuwa wameshalazwa, yaani walishachujwa na mtu mwingine kabla, na hao si sawa na foleni ya Jumatatu asubuhi kwenye zahanati. Mwaka 2011 kundi la watafiti likapitia tafiti 42 zilizoijaribu njia hii, na picha waliyoitoa ni ya kitu kinachojua kukataa kuliko kukubali. Ukitumia mpaka wa pointi 5 kuamua nani abaki, unawanasa karibu wagonjwa wote, asilimia 99. Ukitumia mpaka wa 7 kuamua nani apasuliwe, wasio na ugonjwa asilimia 81 tu ndio wanaachwa salama. Waliobaki wapo njiani kwenda chumba cha upasuaji bila sababu. Kwa wanawake inazidisha makadirio. Kwa watoto haitabiriki. Mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa upasuaji wa dharura uliotoka mwaka 2020 unasema wazi isitumike kuthibitisha kidole tumbo kwa watu wazima.

Ugomvi wangu mimi, hata hivyo, uko kwenye ule mstari wa seli nyeupe. Zaidi ya 10, pointi 2. 9.9, sifuri. Hakuna katikati. Na hiyo 10 ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye miili ya watu wa sehemu nyingine. Sisemi hivyo kwa kulalamika, ni biolojia tu. Watu wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara, na baadhi ya watu wa Arabuni, wamezaliwa na badiliko dogo kwenye jeni inayohusika na protini iitwayo Duffy kwenye seli nyekundu. Badiliko hilo linaifanya protini hiyo isionekane kabisa kwenye seli nyekundu, na faida yake ni kubwa: aina moja ya malaria, vivax, inapata shida sana kuingia kwenye seli zetu. Mwaka 2009 wanasayansi wakaonyesha kwamba badiliko hilohilo ndilo linaloeleza kwa sehemu kubwa kwa nini watu hawa wana neutrofili chache zaidi kwenye damu wakiwa wazima. Hawaugui zaidi kwa ajili hiyo. Neutrofili wanazo na zikihitajika zinatoka. Wanaanzia chini tu.

Mwaka huohuo 2009 zilichapishwa namba za watu wazima wenye afya zaidi ya 2,000 kutoka Rwanda, Uganda, Kenya na Zambia. Viwango vya seli nyeupe vilivyopatikana: 3.1 hadi 9.1. Hapa kwetu, watafiti walishafanya kazi kama hiyo Mbeya na kuichapisha mwaka 2008. Kwa hiyo si kwamba hatuna namba zetu. Tunazo, zina zaidi ya miaka kumi na mitano, na bado mashine nyingi zinatoa karatasi yenye 4.0 hadi 10.0 kwa sababu ndivyo zilivyokuja kwenye boksi. Tunavaa kiwango cha mtumba halafu tunashangaa mikono haifiki.

Matokeo yake unayaona pande zote mbili. Kijana mzima mwenye 3.6 anawekewa L, anaambiwa kinga imeshuka, anakimbizwa kwenye vipimo vingine na kulala na wasiwasi wiki nzima. Na kijana anayeumwa mwenye 8.9 hawekewi kitu.

Kabla hujabeba hoja hii ukaenda kumvamia daktari wako, niiwekee mipaka. Kwa kuwa neutrofili za watu hawa zinapanda vizuri wakiumwa, wengi wenye kidole tumbo watavuka 10 tu, hata wakianzia 4. Ninachosema ni kwamba anayeanzia 4 ana safari ndefu zaidi hadi kuifikia 10 kuliko anayeanzia 7, na akipimwa mapema yupo katikati ya safari. Hiyo ni hesabu ya kawaida, huhitaji shahada.

Saa ngapi umepimwa

Hapo "mapema" ndipo kuna jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo linalosahaulika zaidi. Karatasi ya majibu ni picha ya mnato, ugonjwa ni filamu. CRP inaanza kupanda baada ya saa sita hadi nane na inafika kileleni karibu siku mbili. Ukiipima saa nne baada ya tumbo kuanza kuuma, ikatoka ndogo, haijakwambia chochote isipokuwa kwamba umewahi. Ukiipima siku ya pili ikatoka ndogo, na seli nyeupe nazo zimetulia, hapo sasa umeambiwa kitu: uwezekano wa kidole tumbo umeshuka sana.

Waliolielewa hili vizuri ni Wafini. Mwaka 2014 walitoa njia yao ya pointi kwa watu wazima, na nikiisoma kama mhakiki naona mtu amekaa chini na kufikiri. Seli nyeupe hazina mlango mmoja wa 10; zinaanza kupewa pointi 1 kuanzia 7.2, zinapata 2 kuanzia 10.9, na 3 kuanzia 14. CRP imegawanywa mara mbili, waliougua chini ya saa 24 na waliozidisha. Na kuna kitu nilidhani ni kosa la uchapaji mara ya kwanza: CRP ikiwa juu sana, pointi zinapungua. Mtu ameumwa chini ya siku moja na CRP yake imeshapita 83? Anapata 1, wakati mwenye 30 anapata 5. Sababu yake nzuri kabisa: kidole tumbo peke yake hakijapata muda wa kufanya fujo kubwa kiasi hicho, kwa hiyo tafuta ugonjwa mwingine. Hapo hakuna mantiki ya "ikiwa juu ni mbaya, ikiwa chini ni nzuri". Wameisoma damu pamoja na saa ya ukutani.

Nikamhesabia mdogo wangu. Kwa njia ya Kifini, 8.9 ilimpa pointi 1, neutrofili zake asilimia 71 zikampa 2, maumivu chini kulia 2, maumivu kuhama 2, kuumia akibonyezwa, kwa mwanaume, 3. Jumla 10. Kundi la kati linaanzia 11. CRP haikupimwa, ile zahanati haina mashine, na zipo nyingi kama hiyo. Alibakiza pointi moja kwenye njia iliyotengenezwa kwa hospitali ambazo CRP inatoka ndani ya saa moja. Kwa hiyo wale wanaosema tuachane na Alvarado tuhamie ya Kifini, nawauliza: CRP tutaitoa wapi, na nani analipia? Njia nzuri isiyo na kipimo chake ni gari zuri lisilo na mafuta.

Halafu nikamhesabia kwa Alvarado, na hapa ndipo radhi niliyoisema inapoingia. Maumivu kuhama 1, kukosa hamu 1, kutapika 1, kuumia akibonyezwa 2. Joto sifuri, seli nyeupe sifuri, neutrofili sifuri. Kama maumivu yalizidi mkono ulipoachiwa, hakuna aliyeandika. Jumla 5.

Tano! Alvarado niliyekuwa nimemkasirikia, na 10 yake ya Philadelphia, bado angesema: huyu haendi nyumbani, kaa naye, mwangalie tena. Ile 10 ilimnyima pointi 2 ambazo zingemfikisha 7, hilo ni dosari yake na sitalifuta. Lakini hata akiwa na dosari hiyo asingemrudisha hosteli na dawa ya UTI. Kilichomrudisha si njia ya pointi. Ni mtu kuangalia mstari mmoja kati ya minane, mstari ambao ni dhaifu ukisimama peke yake, na kuuamini kuliko tumbo lililokuwa limeruka chini ya kidole chake mwenyewe dakika 40 kabla.

Kwa nini tunaiamini karatasi hivyo? Nadhani sisi wa maabara tuna mkono wetu hapo. Tunatoa namba zenye desimali, zimechapwa, zina muhuri. Mkono wa daktari hautoi risiti. Mgonjwa mwenyewe akitoka hajapimwa damu anaona hajatibiwa, "wamenishikashika tu tumbo wakaniacha". Na ukishalipia kipimo unataka kiwe kimesema kitu. Hali hiyo ndiyo inayofanya nusu ya mtaa wangu waamini wana taifodi kwa kipimo cha Widal, ila hiyo ni makala nyingine na nina deni nayo tangu mwaka jana.

Ukiwa wewe ndiye unayeumwa

Sikupi tiba hapa, mimi si daktari. Ila kuna mambo ya damu ninayoyajua ambayo unaweza kwenda nayo.

Maumivu yakianza kitovuni yakahamia chini kulia, ukapoteza hamu ya kula, nenda kituo chenye uwezo wa upasuaji au cha kukupeleka haraka. Usianze na duka la dawa. Ukiwa mwanamke uliye kwenye umri wa kuzaa, kipimo cha mimba kifanyike, tena mapema, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi inaweza kuuma palepale na inaua haraka kuliko kidole tumbo. Ultrasaundi ikiwepo na anayeijua akiwepo, inasaidia sana. Ikiwa haijakiona kidole tumbo, haimaanishi kimesema ni kizima.

Ukiambiwa "damu iko sawa", uliza sawa kwa kulinganisha na nini. Uliza kama inaweza kurudiwa baada ya saa sita hadi nane. FBP mbili za saa tofauti zinasema zaidi ya moja, maana hapo ndipo unapoona kama namba inapanda. Ya mdogo wangu haikurudiwa. Ingerudiwa asubuhi, ningeweka pesa yangu kwamba H ingekuwepo.

Na kama umewahi kupimwa ukiwa mzima, kwenye fomu ya chuo, ya kazi, ya uchangiaji damu, kliniki, popote, piga picha ile karatasi. Mdogo wangu sasa anayo kwenye simu, ile ya 4.2, ameiweka katikati ya picha za mpira. Juzi alienda hospitali kwa mafua tu akamwonyesha daktari kabla hata ya kukaa. Daktari alicheka, lakini aliiandika kwenye faili.

Kwa wenzangu wa maabara nina ombi moja la kikazi. Kesho ukiingia zamu, kabla ya sampuli ya kwanza, fungua sehemu ya mipangilio kwenye mashine yenu uangalie viwango vya WBC vilivyowekwa. Kama ni 4.0 hadi 10.0, muulize mkuu wa maabara nani aliviweka. Mimi niliuliza tunapofanyia kazi. Hakuna aliyejua.